Udhibiti wa kisaikolojia na uchokozi wa kimahusiano

Mama anayemkataza mtoto kucheza nje baada ya magharibi anamdhibiti. Anayemnunia hadi kesho yake kwa sababu ya alama mbaya, kisha akamwambia "Kama ungenipenda usingenifanyia hivi," naye anamdhibiti. Watafiti hawayaweki mambo haya mawili kapu moja. La kwanza ni udhibiti wa mienendo. La pili, udhibiti wa kisaikolojia, ambalo Earl Schaefer alilipima nchini Marekani mwaka 1965 na Brian Barber akalifufua mwaka 1996. Anayeandika "udhibiti wa wazazi" bila kuongeza neno anawatia hatiani hata wazazi wanaouliza tu mtoto alikuwa wapi.

Istilahi ya pili, uchokozi wa kimahusiano, ilienezwa na Nicki Crick na Jennifer Grotpeter mwaka 1995. Mtoto hapigi, anaumiza kupitia urafiki: anamtenga mwenzake mchezoni, anaeneza uvumi, anatishia, "Ukicheza naye, mimi na wewe basi." Kwa Kiswahili ningependa kuuita fitina, ila fitina yataka mtu wa tatu, na kumsusa rafiki mpaka asalimu amri ni jambo la wawili. Basi nabaki na uchokozi wa kimahusiano, ingawa mchokozi katika Kiswahili cha kawaida ni yule aanzaye, na hapa hata anayelipiza anahesabiwa.

Kufanana kwa mbinu kunavutia mno: nyumbani penzi hunyimwa, shuleni urafiki hunyimwa. Lakini Craig Hart na wenzake walipochunguza familia 207 za Urusi (1998), udhibiti wa kisaikolojia wa akina mama uliambatana na uchokozi wa wazi wa mtoto, kama kupiga. Ule wa kimahusiano ulihusiana na mabavu ya mama na wazazi wasiomjali mtoto.

Tena, nani alianza? Richard Bell alionya mwaka 1968 kwamba mtoto naye humbadilisha mzazi. Mtoto mwenye visa humchosha mama, mama akaanza kununa. Ndiyo maana wengine huwapima wote wawili mwaka baada ya mwaka, waone lipi hutangulia. Hata hapo kuna mtego, aliouonyesha Ellen Hamaker na wenzake mwaka 2015: kwamba familia fulani daima ina ukali kuliko jirani yake ni habari moja, na kwamba ukali ukizidi mwaka huu humbadilisha mtoto yuleyule mwakani ni habari nyingine. Kwa hiyo katika tafsiri za tafiti hizi naandika "huambatana na", na "husababisha" nikiikuta kwenye rasimu naifuta.