Kazi ya Mikono katika Pwani ya Kusini ya Ziwa

Msafiri atokaye Mwanza akifika Usagara huona njia zagawanyika: moja yaenda Misungwi na Shinyanga, ya pili yashuka Kigongo. Zamani hapo Kigongo alingoja kivuko; tangu mwezi wa Juni mwaka 2025 avuka kwa daraja la kilometa 3 mpaka Busisi. Watoto wa shule husimama hapo wakistaajabu, nao hutuuliza waliolijenga walisoma wapi. Swali hilo ndilo lililotutia kuandika habari hizi, kwa maana elimu ya mikono katika nchi hii ya ziwa haikuanza jana.

Kabla hajaja mgeni ye yote na kitabu, Warongo wa upande wa Uzinza na Geita walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe, na Wasukuma wakayatafuta kwa mashamba yao. Kijana aliyejifunza uhunzi hakuanza kwa maneno. Alianza kwa kuvuta mivukuto, akitazama rangi ya moto, hata siku alipopewa nyundo.

Mwezi wa Juni mwaka 1878 alifika Kageye, mashariki ya Mwanza, Alexander Mackay wa C.M.S., Mskoti aliyesomea ualimu na uhandisi. Hapo alikuta mashua ya misheni, jina lake Daisy, yavuja vibaya. Akaitengeneza, akasafiri pamoja na mwenzake Wilson; lakini mwezi wa Agosti dhoruba ikawatupa pwani ya magharibi, mashua ikavunjika. Basi wakafanya hivi: waliondoa futi 8 za katikati, wakatumia mbao zake kuziba palipoharibika, kisha wakaunga tezi na omo. Kazi hiyo ilichukua majuma mengi. Mashua ikawa fupi, lakini ikaelea, ikawafikisha Buganda mwezi wa Novemba. Walimu wapendwa, wasimulieni wanafunzi habari hii siku ya kujifunza kupima. Ni somo la hesabu lililo bora kuliko mengi tuyaandikayo ubaoni.

Huko Buganda Mackay aliwafundisha vijana uhunzi na useremala, naye alichonga herufi za mti kwa mkono wake ili apige chapa karatasi za kusomea. Hata kusoma, basi, kulianza kwa patasi.

Mwaka 1887 alilazimika kuondoka Buganda, akaja kukaa Usambiro, kusini mwa ziwa. Stanley alipopita hapo mwaka 1889 pamoja na Emin Pasha, alikuta karakana kubwa imejaa zana, wahunzi wakishughulikia mtambo wa mvuke wa mashua, mtumbwi mkubwa ukitengenezwa nje, na mashimo ya kupasulia magogo ya miti migumu. Hatusemi kwamba palikuwa na shule ya sekondari, haikuwapo. Lakini kijana aliyesimama pale na tupa mkononi aliona kwa macho yake kwa nini maji yachemkapo husukuma chuma. Tarehe 8 Februari 1890 Mackay akafa kwa homa, akazikwa Usambiro. Mwaka 1927 mabaki yake yakahamishwa Namirembe.

Sasa twakiri kosa. Shule zilipoenea, mzazi alimpeleka mtoto ili awe karani, asishike tena jembe wala nyundo. Nasi walimu tukalitia nguvu wazo hilo, kwa maana mtoto aliyechelewa tulimpa jembe kuwa adhabu. Tulipofanya hivyo mara mia, tuwezeje kumwambia siku ya mia na moja kwamba kazi ni elimu? Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe na shamba au karakana yake. Mahali pengi shamba lilipatikana, somo lisipatikane: mtoto alilima mpaka saa sita bila kuambiwa kwa nini mbegu huachiana nafasi. Hapo Mwanza shule ya sekondari ya ufundi ya Bwiru ilishika njia iliyo bora, wavulana wakisoma ufundi pamoja na fizikia na hesabu, kila kimoja kikimfafanua mwenzake.

Mwaka 2024 serikali ilianzisha mkondo wa amali katika sekondari, na shule nyingine za upande wetu zataka kuufuata. Twafurahi, ila twaogopa. Hivi karibuni tuliizuru shule moja, hatuitaji jina, tukawakuta wanafunzi wakinakili sehemu zote za randa kutoka ubaoni, kwa mwandiko mzuri sana. Tulipouliza kama wamepata kuishika, mmoja alituonyesha kabati. Randa 12 zilikuwamo, bado zimefungwa katika karatasi za dukani, na mwenye ufunguo alikuwa safarini.