Kabla ya Nduthi Kulikuwa na Baiskeli

Kwa steji yetu hapa Kayole kuna nduthi tatu za umeme. Hazina kelele kabisa. Siku ya kwanza kubebwa na moja nilidhani jamaa amezima injini tukishuka mteremko, nikamuuliza. Akacheka. "Hii ndio ya kisasa, buda. Haina moshi."

Nikamkumbuka babu yangu. Yeye pia hakuwa na moshi, na sijawahi kusikia mtu akimwita wa kisasa.

Babu alikuwa boda boda Busia, enzi ambazo boda boda ilikuwa baiskeli. Yake ilikuwa Black Mamba, ile nyeusi nzito ya chuma, na kwa keria ameshonea kiti cha sponji. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nilikaa kwake ushago miezi kadhaa, na jioni hakukuwa na kazi nyingine ila kumsikiliza.

Jina lenyewe lilizaliwa hapo mpakani. Miaka ya 1960, Kenya na Uganda zikiwa zimepata uhuru, msafiri alishushwa upande mmoja, na kati ya kituo cha huku na cha kule kulikuwa na kipande cha barabara ambacho gari halivuki bila makaratasi. Ukiwa na mizigo na jua limewaka, kipande hicho si kifupi. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Wakawa wanaita tu, "Boda! Boda!", yaani kutoka mpaka mmoja hadi mwingine.

Biashara ilinoga zaidi muongo uliofuata. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mibuni Brazili na bei ya kahawa ikapaa duniani. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin, na mkulima wa huko alilipwa kidogo sana, kwa hivyo kahawa ikaanza kuvuka kuja Kenya kwa magendo. Soko la Chepkube, kule upande wa Mlima Elgon, likapata umaarufu wake wakati huo. Baiskeli zilijua njia ambazo lori halingeweza kupita. Nilipomuuliza babu kama na yeye alibeba, alisema hapana, halafu akacheka muda mrefu kuliko swali lenyewe.

Baiskeli zikasambaa hadi Kisumu na miji mingine ya magharibi. Kisha pikipiki zikaingia. Mwaka 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, na zile za bei nafuu kutoka India na China zikamiminika. Mwaka 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya hazikufika 5,000. Kufikia 2013 zilipita 100,000 kwa mwaka. Abiria walitaka kufika haraka, na magoti ya babu yalikuwa yamechoka. Aliegemeza Black Mamba ukutani. Mjomba akachukua pikipiki kwa mkopo.

Sasa tunaambiwa turudi kwa usafiri usiochafua hewa. Nakubali, na sababu ni nzuri. Takriban asilimia 90 ya umeme wetu inatoka kwa mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Kituo cha kwanza cha Olkaria kilianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Ukichaji betri hapa, si moshi wa makaa ya mawe umehamisha mahali pengine.

Lakini yule jamaa wa steji aliniambia jambo jingine. Anaokoa pesa ya mafuta, ndiyo. Ila nduthi ni ya mkopo, analipa kila siku, na betri si yake, anabadilisha tu kwa malipo. Akichelewa kulipa, mashine inazimwa kutoka mbali, hata kama ni saa moja asubuhi na wateja wamejaa. Babu hakuwahi kuzimiwa baiskeli. Pancha ilikuwa yake, faida pia ilikuwa yake.

Sisemi turudi kwa Black Mamba. Nimeona magoti ya yule mzee. Nilimuuliza kama alijua alikuwa anatunza mazingira, akanitazama kama mtu aliyesoma akapotea. "Mazingira gani? Sikuwa na pesa ya petroli."

Ndiyo maana historia hii isianzie kwa zile hafla za uzinduzi zenye fulana za kijani. Watu wamesafiri bila moshi hapa kwetu miaka mingi, wengi wao kwa sababu hawakuwa na njia nyingine, na gharama wakailipa kwa miili yao. Tukibadilisha mashine sasa, tuulize ni nani atamiliki hiyo mashine baada ya mkopo, na nani atabaki akikanyaga.

Black Mamba bado iko. Binamu yangu huibebea mitungi ya maji kila asubuhi.