Uthibitishaji wa mtumaji

nm [u-] (katika barua pepe) Utaratibu unaoiwezesha seva pokezi kujua kama barua imetoka kweli katika kikoa kinachotajwa kwenye anwani ya mtumaji. Kutokana na kitenzi *thibitisha*.

Ufafanuzi. Itifaki ya SMTP ya mwaka 1982 haikuwa na njia ya kuhakiki anwani ya mtumaji. Yeyote aliweza kuandika anwani ya mwingine. Njia tatu ziliongezwa baadaye. SPF hutaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa. DKIM huitia barua saini ya kidijitali, mfano wa lakiri: maandishi yakiguswa, lakiri huvunjika. DMARC hulinganisha matokeo ya hizo mbili na anwani anayoiona msomaji, kisha humruhusu mwenye kikoa kuagiza barua isiyofaulu ipite, itengwe au ikataliwe.

Katika orodha za barua pepe. Orodha hupokea barua ya mwanachama mmoja na kuisambaza kwa wote. Kwa kuwa huweka anwani yake ya kurudishia barua, SPF hushuhudia kikoa cha orodha, si cha mwandishi. Tena, ikiongeza jina lake kwenye mada au maelezo mwishoni, lakiri ya DKIM huvunjika. Aprili 2014 Yahoo iliagiza barua zisizofaulu zitokazo katika kikoa chake zikataliwe. AOL ikafuata mwezi huohuo. Barua halali za wateja wao zilizopitia orodha zikaanza kurudishwa, na baadhi ya wapokeaji wasio na kosa wakaondolewa katika orodha, kwa kuwa seva zao zilikataa barua mara kwa mara.

Orodha nyingi sasa huweka anwani yake mahali pa ile ya mwandishi. Barua hufika, lakini msomaji huweza kutomtambua aliyeandika. ARC, iliyotolewa mwaka 2019, huhifadhi matokeo ya ukaguzi wa kabla ya barua kubadilishwa. Hata hivyo, seva pokezi sharti imwamini mpitishaji.

Matumizi. *Uthibitishaji* ni tendo. *Uthibitisho* ni ushahidi unaopatikana. *Idhini* ni jambo jingine: mtu huweza kuthibitishwa kuwa ndiye, asiruhusiwe kuingia. *Mtumaji* ni mwenye barua. Orodha ni *mpitishaji*.

Mfasiri wa taarifa za hitilafu aandike «uthibitishaji wa mtumaji haukufaulu», si «mtumaji ni mlaghai». Kauli ya kwanza hueleza matokeo ya ukaguzi. Ya pili humtia hatiani mtu ambaye huenda barua yake ilibadilishwa njiani.

Mfano. *Barua ya katibu ilikataliwa kwa sababu uthibitishaji wa mtumaji haukufaulu baada ya orodha kuongeza maelezo yake.*

Linganisha: hakiki, idhini, kikoa, lakiri, saini.