Mandhari si Suranchi

Barua ya ajira ya binti wa kaka yangu ina kosa, nalo haliko kwenye mshahara wala tarehe. Liko kwenye cheo. Pameandikwa "Mpamba Mandhari". Msichana aliyezaliwa Nkwenda, wilayani Kyerwa, akaenda Dar es Salaam kusoma Chuo Kikuu Ardhi fani ambayo Waingereza huiita landscape architecture, akakesha juu ya ramani na vielelezo hadi akahitimu, anapokelewa kazini kwa jina la mtu wa kutundika vitambaa ukumbini. Aliponisomea barua ile kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Shangazi, kwani mimi napamba nini?"

Simlaumu sana karani aliyeiandika. Alikuta neno "mandhari" limekwisha tangulia, na mtu akishapewa mandhari, kitenzi kinachomjia haraka ni kupamba. Lawama yangu ni kwa waliompa neno. Niliwahi kuiandikia kamati moja ya istilahi kurasa nne kuhusu jambo hili. Jibu lilikuja na mistari miwili: "usanifu mandhari" imeshazoeleka. Kuzoeleka si hoja. Kiatu kinachobana nacho huzoeleka, na kidole huota sugu.

Tulitazame neno lenyewe. Mandhari limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kutazama. Ndugu zake ni nadhari na nadharia. Ni neno la jicho. Ili mandhari yawepo lazima awepo mtu aliyesimama kando, ametulia, anaangalia. Anayelima mteremko huo, anayeshuka kuchota maji bondeni, aliyemzika baba yake kwenye migomba, hayumo ndani ya neno. Akionekana, anaonekana kama sehemu ya picha.

Sisi wa Karagwe, nchi ambayo Kyerwa ilikuwa sehemu yake, tuna ushahidi wa jambo hili tangu mwaka 1861, wasafiri Speke na Grant kutoka Uingereza walipofika kwa Mukama, yaani mfalme, Rumanyika, Bweranyange. Waliona ziwa limejikunja kati ya vilima, wakalipenda, na kwa kuwa lilimkumbusha Grant ziwa la kwao Uingereza, wakaliita Windermere Ndogo. Ziwa lilikuwa na jina lake na watu wake, lakini mtazamaji hahitaji kuuliza. Hayo ndiyo mandhari: nchi ya watu iliyogeuzwa picha ya mgeni.

Wapinzani wangu husema kwamba neno la Kiingereza nalo ni la picha, kwa hiyo mandhari ni tafsiri aminifu. Wamesoma nusu ya historia. Ni kweli kwamba Waingereza waliliazima kwa Waholanzi, mwishoni mwa karne ya 16, likiwa neno la wachoraji. Lakini landschap ya Kiholanzi ni ya zamani kuliko wachoraji. Lilikuwa jina la eneo, la ardhi pamoja na watu wanaoishi juu yake, na kile kiambishi cha mwisho kina mzizi mmoja na vitenzi vya kuumba na kufinyanga. Nchi iliyopewa umbo: hiyo ndiyo maana ya chini kabisa, kabla ya rangi na fremu. Tena wenye fani wenyewe hawakuridhika. Jina landscape architecture lilionekana kwenye kitabu cha Mskoti Gilbert Laing Meason mwaka 1828, kilichohusu majengo katika michoro ya Italia. Frederick Law Olmsted, aliyeshinda na mwenzake Calvert Vaux shindano la kuchora Central Park ya New York mwaka 1858, alikuja kulibeba kama jina la kazi yake, na mwaka 1865 akamlalamikia Vaux kwa barua kwamba maneno yote mawili hayafai, na yakiunganishwa hayafai vilevile. Kamati zetu zimetafsiri kwa utiifu neno ambalo baba wa fani mwenyewe alililalamikia.

Ninapendekeza suranchi. Msanifu suranchi, usanifu suranchi.

Neno hili halikuanguka kutoka mbinguni. Walimu wa jiografia wamefundisha "sura ya nchi" miaka mingi, wakimaanisha vilima, mabonde na miteremko. Nimeunganisha tu, kama walivyounganisha waliotupatia tabianchi. Leo hakuna anayesikia "mabadiliko ya tabianchi" akadhani ni tabia ya serikali. Basi wanaoniambia kwamba nchi itaeleweka kuwa ni dola wakaulize mabaharia maana ya nchi kavu. Na ulinganifu ni kamili: tabia ni Kiarabu, sura ni Kiarabu, nchi ni Kibantu cha kale, ndiyo ensi ya Wahaya na Wanyambo wa kwetu.

Sura nayo ni jambo tofauti na mandhari, na hapa ndipo ninaposimama kwa miguu yote miwili. Siisemi sura ya Kurani, hiyo huandikwa kwa herufi nyingine ya Kiarabu na ni neno jingine. Sura ya umbo inatoka kwenye mzizi wa kutia umbo, mzizi uliotoa Al-Musawwir, mojawapo ya majina 99 ya Mwenyezi Mungu: Mtia sura. Mandhari hupokelewa na anayetazama; sura hutiwa na anayefanya. Fani ya binti yetu ni ya kufanya. Kwa hiyo pia sikubali "usanifu bustani", maana bustani kwa Kiajemi ni mahali pa harufu nzuri, na mto uliovunja kingo haunukii. "Usanifu mazingira" nao ni mpana mno. Ndani yake moshi wa kiwanda na kelele za baa vinaingia.

Mnyambo haelezwi suranchi, anaonyeshwa kibanja. (Kibanja na kiwanja ni neno moja, Kibantu kilekile, pwani limebaki na ardhi tupu iliyopimwa, kwetu limebaki na uhai wote.) Nyumba iko katikati ya migomba. Chini ya migomba kuna kahawa na maharage, juu yake mtoma na miti mingine ya kivuli. Nyasi zimebebwa kichwani kutoka rweya, nyika iliyo nje ya makazi, zikatandazwa shambani. Samadi ya ng'ombe ikafuata. Ndiyo maana udongo wa kibanja ni mweusi na wa rweya umechoka, ingawa vimetengana hatua chache. Rutuba ile iliwekwa na watu, kizazi baada ya kizazi. Huko ni kuisanifu nchi, na bibi zetu walifanya hivyo kabla Chuo Kikuu Ardhi hakijapata jina hilo mwaka 2007, na kabla ya shule ya upimaji ya mwaka 1956 iliyokizaa.

Kazi ya mwisho ya binti yetu chuoni ilikuwa ya namna hiyo hiyo: mteremko mmoja wa Kyerwa unaoshuka kuelekea Mto Kagera. Alichora maji yapite wapi, njia ya watoto wa shule ikatize wapi, nyasi zipandwe mistari mingapi kabla korongo halijafika kwenye kahawa. Alinionyesha mezani kwangu, akinieleza kwa kidole kila tuta. Kisha akaajiriwa, na kazi ya kwanza akapelekwa kwenye jengo lililokwisha kuezekwa, akapewa sehemu ya mbele apande ukoka na maua. Nyuma ya jengo mvua ya Machi ilikuwa imeanza kula msingi. Alipouliza kwa nini hakuitwa kabla ya kuchimba, aliambiwa mapambo huja mwisho. Neno baya lilishaamua aitwe lini.

Matumizi ni mepesi: suranchi hii, suranchi hizi, kama tabianchi, wasanifu suranchi katika wingi. Walio na "ubunifu" badala ya "usanifu" sitagombana nao leo.

Nawaomba walimu wa fani na wahariri walijaribu neno hili katika maandishi yao. Na ofisi iliyoandika barua ile naiomba jambo moja dogo. Mkataba wa binti yetu unahuishwa Julai. Mahali pa cheo, andikeni Msanifu Suranchi.