Fahamu: Madude Yaliyokataliwa Yalivyookoa Doctor Who, Mbunifu Akaambulia Kidogo

Ukitaja Doctor Who, tamthilia ya BBC ya Uingereza, wengi wanakumbuka Dalek kwanza. Ni yale madude yanayoteleza sakafuni huku yakipiga kelele kwamba yataangamiza kila kiumbe. Lakini je, unajua kuwa wakubwa wa BBC hawakuyataka kabisa?

Doctor Who ilianza Novemba 23, 1963, siku moja baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa. Sydney Newman, bosi wa tamthilia BBC, alitaka kipindi cha kufundisha watoto historia na sayansi. Sharti lake lilikuwa moja: hataki madude ya ajabu yenye macho ya kutoka.

Sasa ikaja hadithi ya pili, iliyoandikwa na Terry Nation. Inahusu sayari ya Skaro, iliyoharibiwa na vita vya nyuklia. Upande mmja wamebaki Thal, watu wapenda amani. Upande wa pili ni Dalek, viumbe walioharibika miili, wanaoishi ndani ya magamba ya chuma na kumchukia yeyote asiyefanana nao. Nation alikuwa mtoto wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na Dalek aliwafananisha na Wanazi.

Donald Wilson, aliyekuwa juu ya mtayarishaji Verity Lambert, aliusoma mswada na kusema usirekodiwe. Tatizo ni kwamba hakukuwa na mwingine uliokuwa tayari. Lambert, mwanamke wa miaka 27 tu, akasimama kidete na kazi ikaendelea.

Umbo la Dalek lilibuniwa na Raymond Cusick, mwajiriwa wa BBC. Nation hakutaka ionekane ni mtu aliyevaa nguo za dude, hivyo akaagiza lisiwe na miguu. Cusick alianza na mtu aliyekaa kitini, kisha akajenga gamba kumzunguka. Mkono mmoja ukawa kile kifaa cha mpira cha kuzibulia sinki!

Pesa zilikuwa chache, zikatengenezwa Dalek nne tu. Zilipotakiwa nyingi, picha kubwa za Dalek zilisimamishwa nyuma. Ndani alikaa mwigizaji akisukuma kwa miguu yake. Sauti zilitolewa na waigizaji wengine, zikapitishwa kwenye mitambo ya umeme mpaka zikakwaruza kama za mashine.

Hata kurekodi kulikuwa na mkosi. Sehemu ya kwanza ilirudiwa yote kwa sababu maelekezo ya wafanyakazi studio yalisikika kwenye sauti ya kipindi.

Desemba 21, 1963 ikaruka hewani. Mwishoni, watazamaji waliona mkono tu ukimsogelea Barbara, naye akipiga mayowe. Dude lenyewe? Subiri wiki ijayo! Watoto wakanasa hapo hapo.

Sehemu ya kwanza ilitazamwa na watu milioni 6.9. Ya saba na ya mwisho, Februari 1, 1964, ikafikisha milioni 10.4. Kipindi ambacho BBC haikuwa na uhakika nacho kikawa gumzo la nchi. Wilson mwenyewe alimwambia Lambert kuwa anakijua kipindi chake kuliko yeye.

Dalek wakarudi mwishoni mwa 1964, vikafuata vinyago madukani, na mwaka 1965 filamu ya rangi ya Peter Cushing.

Hapa ndipo panapouma. Nation alikuwa mwandishi wa kujitegemea, hivyo aligawana haki za Dalek na BBC na kutajirika. Cusick alikuwa wa mshahara, na alichobuni kazini kilikuwa mali ya mwajiri. Kwa umbo linalojulikana dunia nzima, alipewa bonasi ya takriban pauni 100 tu. Alifariki mwaka 2013.

Novemba 2023, kipindi kilipotimiza miaka 60, BBC iliirusha upya hadithi hiyo ikiwa imetiwa rangi na kufupishwa hadi dakika 75. Umbo la Cusick lilikuwa lile lile.

Kwa hiyo wewe unayebuni nembo, nguo au programu kwa ajili ya bosi wako, usome mkataba kabla ya kushika kalamu. Ungekuwa Cusick, ungekubali pauni 100?