Uganda: Kwa nini intaneti ya mabweni na hosteli za wanafunzi huwekewa ukomo?

Nchini Uganda, mwanafunzi wa chuo kikuu anahitaji intaneti kwa karibu kila hatua ya masomo yake: kujisajili kwa kozi, kupakua maelezo ya mihadhara, kuwasilisha kazi na kutafuta majarida ya kitaaluma. Hata hivyo, mahali anapolala na kusomea usiku, yaani bwenini au hosteli, ndipo huduma hiyo huwekewa masharti mengi zaidi. Ipo mitandao yenye ukomo wa data, inayopunguza kasi, inayofunga baadhi ya tovuti na inayoruhusu kifaa kimoja tu kwa kila mtumiaji. Makala haya yanaeleza masharti hayo yanatoka wapi, yanafanyaje kazi na yana maana gani kwa masomo.

Bweni na hosteli: mtandao ni wa nani?

Chuo Kikuu cha Makerere, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kilijengwa kwa mfumo wa mwanafunzi kuishi chuoni. Mabweni yake kama Lumumba, Mary Stuart, Livingstone na Nkrumah yanajulikana hata nje ya Uganda. Lakini tangu miaka ya 1990, vyuo vilipoanza kupokea kwa wingi wanafunzi wanaojilipia ada, idadi ya wanafunzi ilizidi nafasi za mabweni. Wengi sasa hupanga katika hosteli za watu binafsi kwenye mitaa inayozunguka chuo, ikiwamo Wandegeya na Kikoni.

Tofauti hiyo ya makazi huamua pia aina ya intaneti. Ndani ya bweni la chuo, mtandao ni sehemu ya mtandao wa chuo na husimamiwa na idara yake ya teknolojia ya habari, kwa kanuni za matumizi ambazo mwanafunzi huzikubali anapopewa nywila. Katika hosteli binafsi, mmiliki hununua laini kutoka kwa kampuni ya mawasiliano na kuigawa kwa wapangaji. Gharama yake huingizwa katika kodi ya chumba au hulipiwa kando, na kanuni hupangwa na mmiliki au fundi wake. Mwanafunzi asiyeridhika na njia zote mbili hubaki na bando la simu yake.

RENU na eduroam

Vyuo vikuu na taasisi za utafiti za Uganda zina mtandao wao wa pamoja uitwao RENU, ulioanzishwa mwaka 2006. Lengo lake ni kununua huduma kwa wingi na kwa bei nafuu kuliko kila chuo kinavyoweza kupata peke yake. RENU ni mwanachama wa UbuntuNet Alliance, muungano wa mitandao ya elimu ya mashariki na kusini mwa Afrika wenye makao yake Lilongwe, Malawi.

Kupitia RENU, wanafunzi hupata eduroam, huduma iliyoanzia Ulaya na ambayo sasa hutumika katika nchi nyingi duniani. Mtumiaji huingia kwa jina na nywila alizopewa na chuo chake, hata akiwa katika chuo kingine au nchi nyingine. Chuo anachotembelea hakioni nywila yake. Ombi hupelekwa kwenye seva ya chuo chake, nayo ndiyo inayothibitisha kwamba ni mwanafunzi halali. RENU imeipeleka huduma hii nje ya kuta za vyuo pia, zikiwamo baadhi ya hosteli, ili mpangaji atumie utambulisho wake wa chuo badala ya vocha za mwenye nyumba.

Aina za ukomo

Masharti ya mitandao ya makazi ya wanafunzi yanaweza kugawanywa katika makundi matano.

Kwanza ni ukomo wa data. Mtumiaji hupewa kiasi fulani kwa siku au kwa mwezi, na kikiisha huduma hukatwa au hupunguzwa kasi. Kikao cha saa moja cha video ya pamoja kinaweza kutumia takriban gigabaiti moja. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye gigabaiti mbili kwa siku huzimaliza kwa vipindi viwili tu.

Pili ni ukomo wa kasi. Kila kifaa hupewa kiwango cha juu ambacho hakiwezi kukizidi, hata pale mtandao unapokuwa hauna watu.

Tatu ni ukomo wa vifaa. Mwanafunzi mwenye simu na kompyuta hulazimika kuchagua kimoja.

Nne ni uchujaji. Mitandao mingi huzuia tovuti za ngono, kamari na programu za kubadilishana mafaili, na mingine huzuia video au michezo wakati wa saa za kazi.

Tano ni ratiba. Mafaili makubwa huruhusiwa usiku wa manane, wakati mahitaji yamepungua.

Hesabu ya kugawana

Wasimamizi wa mitandao hueleza kwamba bila ukomo, wachache humaliza sehemu ya wengi. Hesabu yenyewe ni rahisi. Ikiwa hosteli ina laini ya megabiti 100 kwa sekunde na watu 400 wakaitumia kwa wakati mmoja, kila mmoja hubaki na robo megabiti. Kiasi hicho hutosha barua pepe na kurasa za maandishi, lakini si video. Kwa upande mwingine, watu 25 wanaotazama filamu kwa ubora unaohitaji megabiti nne kwa kila mmoja wanaweza kuijaza laini yote, na wengine 375 wakakosa hata kurasa za maandishi.

Tatizo ni kwamba mfumo unaohesabu gigabaiti haujui zimetumika kwa kazi gani. Mwanafunzi wa uhandisi anayepakua programu ya usanifu, au wa udaktari anayetazama video ya upasuaji, huhesabiwa sawa na anayetazama mechi ya mpira. Masasisho ya kompyuta, ambayo hujipakua yenyewe, yanaweza pia kumaliza mgao kabla mwenye kompyuta hajafungua ukurasa wowote wa masomo.

Kuna kikwazo kingine kisichoonekana. Wachapishaji wengi wa majarida ya kitaaluma huvitambua vyuo kwa anwani za mtandao wao. Mwanafunzi aliye ndani ya mtandao wa chuo hufungua makala bila kulipa. Akitumia bando la simu au laini ya hosteli binafsi, makala hiyohiyo humtaka alipe, isipokuwa chuo kiwe kimeweka njia ya kuingia kwenye maktaba kutoka mbali.

Umbali kutoka baharini

Uganda haina pwani, hivyo data yake nyingi hupita Kenya au Tanzania kabla ya kufika kwenye nyaya za chini ya bahari. Kabla ya mwaka 2009 eneo hili lilitegemea satelaiti, na vyuo vililipa fedha nyingi kwa kasi ndogo. Kuwasili kwa nyaya za SEACOM na TEAMS mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010, kulishusha gharama na kuongeza kasi. Masharti mengi makali ya mitandao ya vyuo yalizaliwa katika kipindi cha satelaiti, na baadhi ya fikra zake zimebaki.

Utegemezi huo bado una athari zake. Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika, na huduma ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Katika hali kama hiyo, mtandao wa makazi ya wanafunzi hubanwa ili kulinda mifumo ya lazima.

Kodi na bando la mwanafunzi

Mwezi Julai mwaka 2018, serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii, ikiwamo WhatsApp na Facebook. Kodi hiyo ilikusanywa kupitia kampuni za simu, hivyo mtu aliyeunganishwa kwa Wi-Fi ya chuo au ya hosteli hakuilipa moja kwa moja. Kwa wanafunzi, ambao makundi yao ya darasa yalikuwa WhatsApp, Wi-Fi ya makazi ikawa na thamani kubwa zaidi, na msongamano ukawa na sababu mpya.

Kodi hiyo ilifutwa Julai 2021. Badala yake ukaja ushuru wa asilimia 12 kwa data ya intaneti, huku data kwa ajili ya huduma za elimu na afya ikisamehewa. Msamaha huo una manufaa zaidi kwa taasisi kuliko kwa mtu mmoja mmoja, kwa sababu bando la kawaida la simu halionyeshi kama mnunuzi wake anasoma au anajiburudisha.

Amri kutoka juu

Si kila ukomo huwekwa na chuo au mwenye hosteli. Mamlaka ya mawasiliano ya Uganda, UCC, iliagiza mitandao ya kijamii ifungwe wakati wa uchaguzi wa Februari 2016. Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano. Facebook ilikuwa imefungwa siku moja kabla, na ilibaki imefungwa hata baada ya huduma nyingine kurejea.

Tangu wakati huo, watumiaji wengi wamezoea VPN, programu inayoficha mawasiliano na kupita vizuizi. Kwa msimamizi wa mtandao wa bweni hili ni tatizo, kwani VPN huficha pia video na mafaili makubwa. Akiamua kuzifunga zote, huenda akamfungia pia mwanafunzi anayeitumia kufikia maktaba au seva ya utafiti.

Nani anaona unachofungua?

Ili kutekeleza ukomo, mfumo lazima umtambue mtumiaji na kuhesabu matumizi yake. Hivyo huweka kumbukumbu: nani aliingia, saa ngapi, kwa kifaa gani na mara nyingi kwenye tovuti zipi. Sheria ya Uganda ya Kulinda Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa binafsi aeleze madhumuni yake, azilinde na asizitumie kwa jambo jingine. Kenya ina sheria ya aina hiyo tangu mwaka 2019, na Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Chuo kwa kawaida kina sera iliyoandikwa. Katika hosteli binafsi, kumbukumbu hizo zinaweza kuwa mikononi mwa fundi mmoja.

Hali kwa majirani

Kenya ina mtandao wa elimu uitwao KENET, ulioanzishwa mwaka 1999, na Tanzania ina TERNET. Changamoto inafanana: mtandao wa chuo huimarika kwenye madarasa na maktaba, kisha hudhoofika kadiri mwanafunzi anavyoelekea chumbani. Hosteli za Magufuli za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizofunguliwa mwaka 2017, zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Idadi kama hiyo ikikaa mahali pamoja, mahitaji yake ya jioni hulingana na ya mji mdogo.

Ukomo wenye haki ukoje?

Uzoefu wa mitandao ya vyuo unaonyesha kwamba ukomo unaoheshimiwa ni ule unaojulikana mapema. Mwanafunzi anayetafuta chumba anaweza kuuliza mambo manne kabla ya kulipa: laini ina kasi gani na inagawanywa kwa wangapi, mgao ukiisha huduma hukatwa au hupungua kasi, tovuti na mifumo ya chuo inahesabiwa katika mgao au la, na kumbukumbu za matumizi hutunzwa na nani.

Swali la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Wakati wa janga la korona, vyuo vilipofungwa kuanzia Machi 2020 na masomo kuhamia mtandaoni, ilidhihirika kwamba asiye na data hana darasa. Kuziacha tovuti za masomo nje ya mgao hakuhitaji laini kubwa zaidi. Kunahitaji msimamizi aamue kipi kitangulie mtandao unapojaa. Ukomo wa filamu humnyima mwanafunzi burudani, lakini ukomo usiotofautisha filamu na somo humnyima kile alichokilipia ada.