Tone kwenye Mrututu

Sindano inachoma ncha ya kidole, tone la damu linadondoshwa kwenye kichupa cha maji ya buluu. Likizama upesi, ingia, ujilaze, utoe. Likielea, nenda ukale sukuma na ndengu, damu yako haijafika. Maji yale ni mrututu, na wengi wetu tuliosoma Kitale tuliyaona kwanza shuleni, tukiwa na sare. Ilibidi uwe na miaka 16 na kilo 50. Wembamba walibugia maji kabla ya kupanda mizani.

Zamani haikuwa hivyo. Mtoto wa Tuwan au Bungoma akiishiwa damu kwa malaria, walioitwa ni jamaa: mjomba, shemeji, jirani wa ploti. Na mjomba aliyesimamishwa mbele ya ukoo mzima hakuwa na pa kusema kwamba yeye hafai kutoa damu. Utafiti wa mwaka 1994 katika hospitali sita za Kenya ulikadiria kuwa kati ya kila watu 100 walioongezewa damu, wawili waliambukizwa virusi vya Ukimwi kwa damu hiyohiyo.

Kisha likaja bomu la Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998. Majeruhi walikuwa maelfu, na nchi haikuwa na benki ya damu ya kitaifa. Kwa msaada wa Marekani vikajengwa vituo vya kanda, cha Eldoret kikiwemo. Kila mfuko ukawa unapimwa Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende, na wachangiaji wakatafutwa mabwenini. Ukiniuliza mimi, kazi hiyo ilibebwa na watoto wa shule: wakienda likizo, friji zilibaki tupu. Mwaka 2019 ufadhili wa Marekani ukakoma. Machi 2020 korona ikafunga shule.

Friji zikiwa tupu, mwenye saratani ya damu ndiye huumia zaidi. Ugonjwa wake huanzia kwenye uboho. Dawa inayoua seli mbovu hupunguza pia chembe sahani, zinazogandisha damu, na fizi huanza kuvuja. Chembe nyekundu hukaa kwenye friji siku 35. Chembe sahani hazitaki baridi. Huwekwa kwenye trei inayotikiswa usiku na mchana, na siku tano zikipita hutupwa.